Mgonjwa wa Siku Nyingi: Apumzike au Ajikaze?

Je, mtu aliyeshikwa na ugonjwa usiokwisha upesi, ambaye nguvu zake ni chache kila siku, imempasa kupumzika au kujikaza? Hatusemi juu ya mwenye homa ya siku tatu. Huyo hulala, hunywa dawa, huinuka, na mambo yamekwisha. Twasema juu ya yule aliyepona kifua kikuu lakini mapafu yake yamebaki na makovu. Au mwenye moyo dhaifu. Au mwenye selimundu. Au yule ambaye tangu alipougua korona mwaka wa 2020 au 2021 hajairudia hali yake ya kwanza. Ukimtazama waona mtu mzima. Aongea, acheka, aja kanisani. Walakini akilima matuta mawili, kesho yake hawezi kuinuka.

Watu humwita mvivu. Neno hili ni zito, maana sisi Wakristo tumefundishwa tangu utoto kwamba uvivu ni dhambi. Basi jina hilo si tusi tu, ni hukumu. Wako hata wanaomletea maneno ya Mtume Paulo kwa Wathesalonike, juu ya kazi na chakula. Na tusome vizuri. Paulo alinena juu ya mtu asiyetaka, hakunena juu ya mtu asiyeweza. Kati ya hao wawili pana bonde kubwa, nasi tumezoea kuliruka bila kulipima.

Wako na wengine, hasa mama na bibi zetu, ambao kwa upendo humkataza mgonjwa hata kunyanyua kata ya maji. Huruma hiyo nayo ina madhara yake. Mwaka wa 1947 daktari mmoja Mwingereza, Richard Asher, aliwaonya waganga wenzake juu ya hatari za kitanda: misuli hunyauka, damu huganda miguuni, mifupa hupungua uimara, ngozi hufanya vidonda, na mwisho hata ile hamu ya kuinuka hufa. Mtu aliyelazwa mno hupata ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Shindano hili la kitanda na jembe si jipya. Zamani, kabla ya dawa ya kifua kikuu kupatikana, waganga wa Ulaya walibishana sana juu yake. Wengi waliwalaza wagonjwa barazani miezi mingi, wavute hewa safi. Lakini huko Frimley, Uingereza, tangu mwaka wa 1905, daktari Marcus Paterson aliwapa wagonjwa wake kazi kwa vipimo: kwanza kutembea, kisha kubeba vikapu vya udongo, kisha beleshi dogo, kisha beleshi kubwa, kisha sururu. Kila mmoja alipimwa joto la mwili. Likipanda, alirudishwa kitandani. Hapa kwetu pia ilianzishwa hospitali ya wagonjwa hao, Kibong'oto, chini ya Kilimanjaro, mwaka wa 1926, siku ambazo dawa yenyewe ilikuwa bado haijapatikana.

Dawa zilipokuja, shindano liliamuliwa kwa namna ambayo wengi hawakuitazamia. Mwaka wa 1959 ilitangazwa habari kutoka Madras, nchi ya India: wagonjwa waliotibiwa nyumbani kwao, waliopumzika kidogo na kula vibaya kuliko wenzao wa hospitalini, walipona karibu sawa nao, kwa kuwa wote walipewa dawa zile zile. Kumbe kitanda hakikuwa dawa, wala beleshi halikuwa dawa.

Walakini twaona kwamba Paterson alifanya jambo moja la kufaa, nalo si mafundisho yake juu ya beleshi, ambayo yameachwa. Hakumwuliza jirani kama mgonjwa aonekana mzima. Aliuuliza mwili wenyewe baada ya kazi, ndipo akaongeza au akapunguza.

Tena yako maradhi ambayo mwili hauyajibu siku ile ile. Uko ugonjwa wa uchovu sugu, ambao kwao jibu la kazi huja kesho, pengine kesho kutwa, na uchovu huo huweza kudumu siku nyingi, hata majuma. Mwaka wa 2007 wakuu wa tiba wa Uingereza walishauri wagonjwa hao waongezewe mazoezi hatua kwa hatua. Wagonjwa wengi walilalamika kwamba wanaangushwa, na kwa muda mrefu malalamiko yao hayakupewa uzito. Mwaka wa 2021 wakuu wale wale, baada ya kuupima ushahidi upya, waliliondoa shauri lile. Ingawa hivyo, mwenye moyo dhaifu au mapafu yenye makovu, hali yake ikiisha kutulia, mara nyingi hushauriwa na waganga atembee na kujizoeza kidogo kidogo, naye hupata nafuu. Basi anayesema, "Jikaze, mimi nilijikaza nikapona," huenda amesema kweli juu ya mwili wake, na huenda amemwua mwenzake.

Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kipimo cha uchovu anacho mgonjwa, nasi tulio nje imetupasa kumsadiki. Naye mgonjwa anao wajibu mzito: kusema kweli. Asiseme hawezi pale anapochoshwa na kazi isiyompendeza, wala asiseme aweza kwa kuona haya. Hili la pili, kwa maoni yetu, ndilo linaloharibu wengi zaidi. Siku njema ndiyo yenye mtego. Mama aliyelala juma zima huamka akiona mwili mwepesi, hukumbuka maneno ya mawifi, naye hupalilia shamba zima, hukata kuni, hufua nguo zote, ili alipe deni ambalo hakukopa. Kisha huanguka tena juma jingine, na watu husema, "Juzi si alikuwa akilima?"

Afadhali aache kazi wakati nguvu zingali zimebaki kidogo. Afadhali kipimo kimoja kidogo, tuta moja leo na tuta moja kesho, akitazama siku mbili tatu kabla ya kuongeza. Na kazi za kuketi, kama kuchambua maharagwe au kupeta mchele, ziwe zake bila mtu kumcheka. Avimbaye miguu, akosaye pumzi au akohoaye damu asingoje shauri la gazeti, aende hospitali.

Twamkumbuka Eliya chini ya mretemu, alipochoka hata akaomba kufa. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, na Eliya alipokula akalala tena, naye malaika hakusema neno. Mara ya pili ndipo alipoambiwa juu ya safari, akaenda siku arobaini mpaka Horebu. Wengi wetu tungemwinua mara ya kwanza, na bibi zetu wasingalimwinua kabisa.

Malaika alijua kipimo, sisi hatukijui. Kwa hiyo jirani aendaye kumtazama mgonjwa wa siku nyingi asimwulize kila mara, "Umepona?" maana swali hilo humlazimu kusema uongo au kujitetea. Amwulize, "Leo nikutekee madebe mangapi?" Akijibiwa mawili, ateke mawili. Akijibiwa, "Leo nitateka mwenyewe," amwache ateke, akaketi naye kivulini akimngoja arudi kisimani.