Saa ya Mandari ni ya Nani?

Kila mwaka kaskazi inapoanza kuvuma mji wetu wa Mombasa hubadilika sura. Mchana watu hulikimbia jua, na alasiri ikishaingia makundi kwa makundi huonekana yakishuka pwani. Wako waendao Mama Ngina, mahali palipotengenezwa upya mwaka 2019, wakakaa ukutani kula muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, na kunywa dafu. Wako wavukao Likoni na watu wa nyumba nzima, na masufuria, na mikeka, kwenda mandari. Wako vijana washikao mshipi juu ya miamba tangu maji kupwa hata kujaa, na watoto warushao tiara. Na kila mwaka, katika darsa na katika baraza, hurudi suala lile lile: je, saa hizi ni halali ya nani? Mtu ana haki gani juu ya wakati wake wa faragha?

Tumesikia majibu mawili. Wako wasemao kuwa kila saa isiyokuwa ya ibada wala ya kutafuta riziki ni saa iliyopotea, na kwamba mwenye kukaa ufukweni kutazama mawimbi atakwenda kuulizwa. Na wako wajibuo kwa hasira kuwa wao wamefanya kazi siku sita, na siku ya saba ni mali yao, hapana mwenye kuwauliza wameipeleka wapi. Makundi haya mawili yaonekana kuwa mbali kama mashariki na magharibi, na kwa hakika yamekubaliana katika asili ya jambo. Yote mawili yachukulia kuwa mapumziko ni kitu kitupu kisichokuwa na maana ndani yake. Huyu ayakataza kwa ajili ya utupu huo, na yule ayataka kwa ajili ya utupu huo huo. Sisi twaona kuwa hapo ndipo palipokosewa, na kabla ya kusema lolote juu ya haki yafaa kutazama kwanza haya mapumziko yametoka wapi.

Watu wa pwani hii hawakufundishwa kupumzika na saa ya ukutani. Walifundishwa na upepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, na joto lake hufika daraja 33 katika Februari na Machi. Kisha upepo hugeuka ukawa kusi, ukaja na masika, na mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi kuliko miezi yote. Baada yake ni kipupwe, watu wakatafuta shuka usiku, kisha demani, bahari ikaanza kutulia, kisha vuli, kisha kaskazi tena. Wazee wetu waliuhesabu mwaka huu wa jua kwa miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, nao walijua mwongo gani ni wa kupanda, na mwongo gani ni wa kutia chombo majini, na mwongo gani ni wa kuketi na kushona nyavu. Majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi yalikuja kwa kaskazi, na wenyewe hawakuweza kurudi mpaka kusi iwachukue; basi mabaharia walikaa hapa miezi, wakanywa kahawa, wakaoa, wakasomesha, wakasoma. Mengi tunayoyaita leo ustaarabu wa pwani yalizaliwa katika kungoja huko. Hapana mtu aliyewaambia kuwa wanapoteza wakati, kwa kuwa kila mtu aliuona upepo.

Hata nyumba zilijengwa kwa kuujua upepo. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya juu iliyoshikwa kwa boriti, kiwanda katikati kilicho wazi juu, na nje baraza ya kukaa jioni. Leo wengi wetu twakaa katika vyumba vya matofali ya simiti na mabati, vyumba vinne vimegawana ukuta na dirisha moja, na jua likituama juu ya mabati saa nane mchana, pangaboi huzungusha moto ule ule. Mwenye uwezo ametia kiyoyozi akafunga mlango. Asiyekuwa nacho akitoka na watoto wake kwenda kuutafuta upepo wa bahari, huyo hakufuata anasa. Ametafuta kitu ambacho babu yake alikuwa nacho mlangoni pake. Wanaomlaumu wangemuuliza kwanza alala wapi.

Na hapa tuingize neno kidogo juu ya ada ya kuilaani hali ya hewa, maana imekuwa nyingi. Joto likizidi twalitukana, mvua ikinya twaitukana, na upepo ukichukua kamba ya nguo twautukana. Tumekatazwa kuutukana upepo, na wengi huyajua hayo kwa hadithi. Lakini hata kwa akili tupu jambo hili halina sura. Kusi inayotuharibia mandari ndiyo inayoleta masika ya mkulima wa Kwale na Kilifi. Bahari tulivu tunayoifurahia Februari ndiyo ile ile iliyopata joto kupita kiasi mwanzo wa mwaka 1998, matumbawe yakageuka meupe na mengi katika miamba ya pwani yetu yakafa, wavuvi wakaona dhiki ya baadaye. Mtu anayeipima mbingu kwa siku yake moja ya raha huwa ameusahau ulimwengu wote. Idi zetu zenyewe zatufundisha hayo: kwa kuwa mwaka wa mwezi hupungukiwa na siku kumi na moja au karibu ya hapo, Idi ya Mfunguo Mosi mwaka 2019 iliangukia mwanzo wa Juni, wakati wa kusi na mawingu, na mwaka 2025 ikaangukia mwisho wa Machi katika joto. Hatuichagui. Twaivalia nguo tuliyonayo.

Turudi katika asili ya suala. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye hapana awezaye kumtuhumu kuwa ni mtu wa anasa, aliandika katika Ihyaa juu ya malezi kuwa mtoto akishatoka chuoni yafaa aachiliwe acheze mchezo mzuri usiomchosha, kwa kuwa kumzuilia mchezo na kumlemeza kwa masomo daima huufisha moyo wake na kuizima akili yake, hata akatafuta hila za kukimbia kabisa. Tazameni, ewe baba na ewe mwalimu, hoja yake. Hakusema mtoto acheze ili asome zaidi kesho, ingawa hilo nalo hupatikana. Amesema moyo hufa. Maana yake ni kuwa katika mtu mna kitu ambacho kazi peke yake haikilishi, hata iwe kazi njema.

Basi kipimo cha burudani hakiwi faida yake. Kijana aliyekaa na mshipi saa nne akarudi na changu mmoja, kwa hesabu ya sokoni amekula hasara. Lakini amejua bamvua na maji mafu, amejua kunyamaza, amejua kuwa samaki hana habari ya haraka yake, na wakati wa Magharibi amerudi nyumbani hali moyo wake umetulia. Wawili wanaocheza bao mbele ya watazamaji kumi wanaowasahihisha kwa kelele hawajazalisha kitu, lakini wamekutana, na mmoja wao asipoonekana siku mbili ataulizwa, na siku ya tatu wataenda kumtazama. Mwenye kufuga njiwa huamka mapema kuliko mwenye kufuga usingizi. Tuulize burudani yamwachaje mtu inapokwisha: yamrudisha kwa watu wake akiwa mpole zaidi, au yamrudisha akiwa mwenye deni na hasira?

Kwa kipimo hicho kamari ya simu haimo kabisa katika mlango wa burudani, hata ikiitwa mchezo. Vijana wetu wakaa katika baraza zile zile za baba zao, kila mmoja ameinamia kioo chake, wametia fedha ya unga juu ya miguu ya wachezaji wa Uingereza wasiowajua. Mwenye bao akishindwa hucheka na kuomba bao jingine. Huyu akishindwa hunyamaza, na nyumbani hawaambiwi. Si kwamba amepoteza wakati tu. Wakati wake umeuzwa, na aliyeuuza si yeye. Hatuna haja ya kurefusha, kila mtaa una mfano wake.

Lakini liko jambo zito kuliko hilo, nalo ndilo lililotutia kuandika. Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, aliiweka faragha juu ya kazi. Yeye aliona kuwa shughuli zote hukusudiwa kumfikisha mtu katika utulivu ambao ndani yake hufikiri na kuwa mtu kamili. Ni rai nzuri. Ila katika mji wake aliyepata utulivu huo alilishwa na watumwa, na nyumba yake ilishikwa na mwanamke, na yeye mwenyewe aliandika kuwa wako watu walioumbwa kuwa watumwa. Tusimcheke. Baraza zetu za pwani nazo, pamoja na uungwana wake na mashairi yake, zilikuwa na wachota maji na wapika kahawa waliokuwa mali ya watu, na utumwa haukuondolewa katika sheria ya pwani hii ya Kenya mpaka mwaka 1907. Basi kila anaposifiwa mtu kwa utulivu wake, yafaa kuuliza ni nani aliyebeba mzigo wakati yeye ametulia.

Na sasa tuitazame mandari ya siku ya Jumapili kwa jicho hilo. Baba ametangaza Ijumaa usiku kuwa tutatoka. Jumamosi mama amekwenda sokoni. Jumapili kabla ya alfajiri amekwisha kuchambua mchele, amekaanga vitunguu vya biriani, amewaogesha watoto, amefunga vikapu. Ufukweni yeye ndiye atandikaye mkeka, apakuaye, amkamataye mdogo asiingie maji ya kina. Wanaume wameogelea, wamekula, wamelala chini ya mvinje. Jioni yeye ndiye arudiye na masufuria yenye mchanga, akayasugua hali wengine wasifu jinsi siku ilivyopendeza. Akiulizwa kama amestarehe atasema ndiyo, kwa adabu yake. Huyu hakwenda mandari. Jiko lake ndilo lililokwenda mandari, naye akalifuata.

Kisa cha Salman na Abu Dardaa husomwa sana katika darsa zetu, na hutajwa kwa ajili ya kukataza kupita kiasi katika ibada. Ni kweli. Lakini wachache huangalia Salman alilijuaje jambo lile. Hakuliona kwa Abu Dardaa mwenyewe. Alipomzuru nduguye alimwona Ummu Dardaa hali amejiacha, hana habari ya mavazi yake, akauliza kuna nini, na kutoka hapo akafahamu kuwa haki zimevurugika katika nyumba ile. Ndipo akamkumbusha nduguye kuwa Mola wake ana haki, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamsadikisha Salman. Basi mwenye kutaka kujua kama saa zake za faragha ni halali, asijitazame yeye. Na amtazame mkewe, na dada yake, na mtumishi wa nyumbani mwake, kama nao wana saa.

Wengine watasema kuwa chakula cha mandari lazima kiwe kizuri, na kwamba mwanamke mwenyewe hakubali kutoka na mkate na samaki wa kukaanga, akaonekana mchoyo na majirani waliotandika kando. Huenda ikawa hivyo. Hiyo ni aibu tuliyoitengeneza wenyewe, na wanaume wanaweza kuianza dawa yake kwa kubeba maji na kusugua sufuria mbele ya watu.

Limebaki neno la mahali. Mtu huweza kuwa na saa na asiwe na pa kwenda nayo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 62, imehesabu ardhi yote iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma. Ufukwe basi ni wetu sote, tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni. Lakini ufukwe ni wa kufikiwa, na vijia vilivyokuwa vikishuka kutoka barabarani hata mchangani, vya wavuvi na vya wachota maji ya chumvi, vingi vimezibwa kwa kuta na milango ya chuma, kimoja baada ya kimoja, bila kelele. Mtu akifika huambiwa azunguke, na akizunguka hukuta ukuta mwingine. Mwenye kiyoyozi hafahamu kilichopotea hapo. Bado wako wazee wakumbukao kila kijia kwa jina lake, kilianzia kwenye mbuyu gani na kilitokea kwenye mwamba gani, na katika demani hii vijana wa darsa wakichukua daftari wakawafuata wazee hao kwa miguu, alasiri moja kwa kila mtaa, wakaandika jina na upana na mwaka kilipofungwa, tutakuwa na kitu cha kuweka mbele ya wakuu wa kaunti kabla ya kaskazi kurudi.