Mche Mwembamba

Kwenye mteremko wa Mulago, mjini Kampala, upande unaoelekea soko la Kalerwe, yuko Hajati mmoja ambaye kila zinapokaribia mvua za Machi au za Septemba husia mbegu za vitunguu katika kitalu kidogo kando ya nyumba yake. Mbegu hizo ni nyeusi na za umri mfupi, kwani zikikaa mwaka mmoja tu katika joto na unyevu wetu, nyingi hufa hali zingali na sura ya uzima. Wala hadanganyiki na kila mbegu iliyosifiwa, maana Kampala i karibu mno na Ikweta, mchana wake ni wa saa 12 au zaidi kidogo mwaka mzima, na vitunguu vya Ulaya ya kaskazini, ambavyo havianzi kunenepa chini mpaka mchana urefuke sana, hapa hutoa majani ya kupendeza na visifanye kitu. Basi yeye hutafuta Red Creole au Bombay Red, zilizoridhika na mchana tulioruzukiwa.

Baada ya majuma sita hadi manane, mche ukishafikia unene wa kalamu ya risasi, hukilowesha kitalu, akaing'oa miche kwa kijiti ili mizizi isikatike, akapunguza ncha za majani, kisha akaipandikiza kwa nafasi ya sentimita 10, akichunga asizamishe shingo. Na katika kazi hiyo mikono yake hupitisha hukumu: mnene huwekwa kulia, mwembamba kushoto, na wa kushoto mwisho wake ni mchuzini. Nilipomwuliza mche mwembamba umefanya dhambi gani, alijibu bila kuinua macho, "Mwalimu, dhambi hauna. Mbolea ndiyo haitoshi."

Wahubiri wetu, wa msikitini na wa kanisani, hupenda kumfananisha Mola na mkulima, na dunia na kitalu ambamo twalelewa pamoja kabla ya kuhamishiwa makao ya kudumu. Mfano huo ni mtamu mpaka mtu aulizie habari za upande wa kushoto. Imesimuliwa kwamba Abul Hasan al-Ashari, aliyefariki yapata mwaka 324 wa Hijra, alimwuliza mwalimu wake al-Jubbai, imamu wa madhehebu ya Muutazila huko Basra, juu ya ndugu watatu waliokufa, mmoja mchamungu, wa pili kafiri, wa tatu mtoto mdogo. Akajibiwa kwamba wa kwanza ana daraja, wa pili ana adhabu, na mtoto yu salama bali hana daraja. Je, mtoto akilalamika kuwa hakupewa umri wa kutenda mema? Ataambiwa kwamba Mola alijua angeasi, na kumfisha mapema ndiyo maslahi yake. Basi kafiri naye akiuliza mbona yeye hakutazamiwa maslahi hayo? Mwalimu, wasema, akanyamaza.

Juu ya kilima hichohicho cha Mulago, katika hospitali iliyoanza mwaka 1913, kipo kitengo cha Mwanamugimu, kilichofunguliwa katika miaka ya 1960, ambacho kazi yake ni kuwapokea watoto waliokondeshwa na utapiamlo na kuwafundisha mama zao kuwalisha kwa vyakula vilivyo karibu nao. Huko nako mahitaji hayatoshi, sawa na mbolea ya Hajati. Hata hivyo mtoto mwembamba ndiye anayetangulizwa. Hapo ndipo ninapoona kasoro ya mfano wa wahubiri: mkulima hutupa kwa sababu ni fakiri, naye Mola ni Tajiri asiyehitaji, na anayemnasibishia hukumu ya kitalu amemvika Muumba umaskini wa kiumbe, ilhali wako viumbe maskini waliokataa kuhukumu hivyo.

Sisemi kwamba swali la Basra limekwisha, kwa kuwa hata Mwanamugimu wako wasiopona, na kunyamaza kwa al-Jubbai, ambako wanafunzi wa kalam, elimu ya itikadi, wamekuhesabu kuwa ni kushindwa, mimi nakuona ni adabu. Mhubiri anayetaka kuupeleka mfano wa miche matangani kwa mama aliyefiwa, afadhali avue kanzu akawasaidie wachimba kaburi.