Msamiati wa Kiingereza katika Ukanda wa Dhahabu
Mwanafunzi wa Geita au Shinyanga, ambaye mara nyingi huanza na Kisukuma nyumbani, husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza humkabidhi Kiingereza na orodha za kukariri, njia isiyofika mbali. Wanaisimu husisitiza uhusiano wa kimaana: visawe, yaani maneno yanayokaribiana maana (kulingana kabisa ni nadra), na hiponimu, yaani neno mahususi lililomo ndani ya neno pana, kama neno almasi lilivyomo katika neno madini. Maneno ya mgodini huhusiana pia kwa hatua za kazi: mbale, yaani mawe yenye madini, huchenjuliwa ikazaa makinikia, yaani mchanga wenye madini yaliyokolezwa. Basi istilahi za Kiingereza za mgodini zafaa kufundishwa kwa mfuatano huo wa uchenjuaji, wala si kwa alfabeti.