Mfunge Ngamia Wako Kabla ya Kulala



Mwezi wa Juni unapoingia, baridi hushuka kutoka mlimani na kukaa katika vihamba vya Kibosho, Machame, Marangu na Rombo. Ndipo jiko la mkaa, lililokwisha kupika chakula cha jioni, huingizwa chumbani, mlango ukafungwa, na kitambaa kikazibwa chini yake ili joto lisipotee. Mara nyingi chumba hicho ni cha mzazi na mtoto wake mchanga. Jamaa wamempikia mtori, na sasa wanataka aote moto. Nia yao ni njema, lakini nia njema haiondoi sumu.

Watu wengi hudhani ya kuwa mkaa uliokwisha kukolea hauna madhara, kwa sababu hautoi moshi. Kumbe hapo ndipo penye hatari. Mkaa ukiwaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni, na mwili ukakosa uhai wake. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu, kichefuchefu na unyonge. Mgonjwa hudhani ni malaria, akajilaza ili apumzike. Na aliyelala huenda asiamke tena. Dalili moja yafaa ikumbukwe: watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wakapata nafuu, basi si malaria. Waondoke wote mara moja, wakatafute matibabu.

Wazee wetu waliwasha moto katikati ya nyumba iliyoezekwa kwa majani. Moshi uliwaumiza macho na vifua, lakini hewa ilipenya kila upande. Sisi tumejenga kwa matofali, tukaweka vioo na dari, tukaziba kila tundu. Basi haifai kuleta desturi ya nyumba ile katika nyumba hii.

Wapo wasemao: "Kila mtu ana siku yake, ikifika, hata jiko likiwa nje utakufa." Maneno haya yana sura ya imani, lakini siyo mafundisho ya Islam. Bedui mmoja alimwuliza Mtukufu Mtume s.a.w. kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu. Akajibiwa kwamba amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Vile vile, nyumba moja ya Madina ilipowaunguzia watu wake usiku, Mtume s.a.w. aliwaambia Masahaba ya kuwa moto ni adui yao, nao wauzime kabla ya kulala. Akataja hata panya awezaye kuburuta utambi wa taa na kuichoma nyumba. Tazama jinsi Mjumbe wa Mwenyezi Mungu alivyofikiri habari za panya na utambi! Nayo Kurani Tukufu, katika Sura Al-Baqara, inatukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe. Basi anayepuuza hadhari hamtegemei Mungu, anamjaribu.

Nasi wa Kilimanjaro hatuhitaji kutafuta mazingatio mbali. Mwezi Juni 1994 bweni la wasichana wa Shule ya Sekondari ya Shauritanga, wilayani Rombo, liliungua usiku, wakafariki wasichana zaidi ya 40. Mwezi Agosti 2009 wasichana 12 walifariki katika bweni la Idodi, mkoani Iringa. Moto wa usiku huwakuta watu usingizini, na pua ya aliyelala haimwamshi. Ila sikio huweza kuamshwa.

Kwa ajili hiyo wanadamu wametengeneza ving'ora vidogo vya nyumbani. Anayeweza kununua na ajue mambo haya. King'ora cha moshi hakitambui kaboni monoksaidi, na cha kaboni monoksaidi hakitambui moshi. Kwa hiyo nunua vyote viwili, au kimoja chenye kazi zote mbili. Chagua kinachotumia betri, maana umeme ukikatika ndipo mishumaa huwashwa. Tazama alama ya ubora: EN 14604 kwa moshi, EN 50291 kwa kaboni monoksaidi. Cha moshi kifungwe darini, vyumbani na katika ujia wa kuelekea vyumba vya kulala, mbali kidogo na jiko la kupikia, kisije kikalia ovyo na watu wakakizima. Cha kaboni monoksaidi kifungwe karibu na wanapolala watu, kama maelezo yake yanavyoagiza.

Kisha kitunze. Kila mwezi bonyeza kitufe chake usikie sauti. Kipanguse vumbi, usikipake rangi. Kikianza kulia kwa vipindi vifupi, badilisha betri siku hiyo hiyo, wala usiitoe ukaitie katika redio. Cha moshi kibadilishwe baada ya miaka 10. Cha kaboni monoksaidi kwa tarehe iliyoandikwa juu yake. King'ora kilichokufa ni mlinzi aliyelala mlangoni: humdanganya mwenye nyumba.

Na asiye na uwezo wa kununua asikate tamaa, kwani kinga kubwa haina bei. Jiko litolewe nje kabla ya kulala. Mzazi afunikwe mablanketi. Mshumaa uzimwe. Ufunguo wa mlango uwekwe mahali panapojulikana na wote, hata watoto. Na moto ukitokea, watu watoke kwanza, kisha wapige simu namba 114 ya Zimamoto.

Ndugu msomaji, Mtume s.a.w. alifundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji, naye ataulizwa habari za kundi lake. Usiku huu, kabla ya kusoma dua ya kulala, zunguka nyumba yako. Tazama jiko, taa na mlango. Kisha mpitie jirani mwenye mtoto mchanga, umwambie kwa upole. Baada ya hapo lala, ukimtegemea Yule asiyeshikwa na usingizi.

Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu na moto wa dunia na wa Akhera. Amin.