Ole Wenu Msemao Hapa Hakuna Kitu

Enyi mnaovuka Iowa na Nebraska kwa barabara kuu ya I-80 huku mmesinzia, sikieni. Mnagutuka Omaha, mnauliza tumefika wapi, mnaambiwa bado. Mnachungulia dirishani, mnatoa hukumu: "Hapa hakuna kitu." Kisha mnarudi usingizini. Mkiulizwa uzuri wa nchi uko wapi, mnanyoosha kidole magharibi, kwenye milima ya Colorado ambayo bado iko mwendo wa saa nane. Nchi tambarare kwenu ni adhabu ya kuvumilia mpaka mfike penye kupigia picha.

Nawakaripia, na simwachi mtu. Nawakaripia wenyeji waliozaliwa humo humo, wanaowaomba wageni radhi kwamba kwao hakuna milima, kana kwamba tambarare ni aibu ya ukoo. Nawakaripia nanyi, ndugu zangu mliotoka Uvira, Bujumbura na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkapangiwa makazi Des Moines na Cedar Rapids, huko Iowa. Picha mnazotuma nyumbani ni za maghorofa, theluji na gari la mkopo. Nyasi hamzipigi picha. Mnaogopa shangazi asije akauliza, "Hiyo ndiyo Marekani yenyewe?"

Na dharau hiyo si yenu hata, mmerithi. Mwaka 1820 Meja Stephen Long alizipita nyanda za kati na kundi lake, na ramani iliyotoka katika msafara ule ikaandika neno jangwa juu ya nchi walimokaa Wapawnee, nchi iliyokuwa ikilisha baisani, wale nyati wa Marekani, kwa mamilioni. Mwaka 1842 mwandishi Charles Dickens alitoka St. Louis kwenda kuitazama prairi, yaani nyika ya nyasi, ya Looking Glass huko Illinois. Akala chakula chake nyasini, akaona jua likizama, akalala usiku mmoja kijijini, akarudi na kuandika kwamba pamemkatisha tamaa. Usiku mmoja! Huyo ndiye mwalimu wenu.

Nchi ikishaitwa tupu, lolote itakalofanyiwa huwa halali. John Deere alitengeneza plau yake ya chuma cha pua mwaka 1837, huko huko Illinois, plau iliyokata udongo mzito wa prairi bila kugandwa na matope. Ikafuatwa na mabomba ya kukausha maji, yaliyofukiwa chini ya mashamba. Leo prairi ya asili iliyobaki Iowa haifiki hata asilimia 0.1 ya ile iliyokuwepo. Baisani walipigwa risasi mpaka, ilipofika 1889, waliohesabika walikuwa elfu moja na ushei. Nyanda kavu zikalimwa nazo. Mvua ilipokatika, udongo uliopoteza nyasi ukapaa angani, na mwezi Mei 1934 vumbi la mashamba likatua New York na Washington, penye ofisi za wale waliokuwa wakigawa ardhi "tupu".

Tena mnajitetea kwamba mmeona kwa macho yenu. Mmeona nini? Hayo mliyoyaona kutoka I-80 ni mahindi na soya, mistari iliyonyooka mpaka upeo wa macho. Prairi hamjaiona. Mmemfukuza mwenye nyumba, mmekaa sebuleni kwake, na sasa mnamsema kwamba hana haiba.

Wapo miongoni mwenu wanaopanda ndege hadi Serengeti, wakasimama kwenye nyanda za nyasi fupi kule Ndutu, hakuna kilima karibu, wakalia kwa furaha. Nauliza: mlililia nyanda au nyumbu? Kama ni nyumbu, nchi yenu nayo ilikuwa na baisani wake, mkawamaliza, ndipo mkasema hakuna kitu. (Na madereva wetu wanaowapeleka huko wasicheke. Wengi wao nao huziita nyika zile pori tupu, wakiwa wameegemea usukani wanangoja simba.)

Angalieni hata sheria yenu ilivyogawa heshima. Yellowstone, yenye milima na chemchemi zinazoruka, ilitengwa mwaka 1872. Hifadhi ya taifa ya prairi ya nyasi ndefu huko Kansas ilingoja mpaka 1996. Miaka 124! Na sehemu kubwa ya nyasi za Kansas ilipona kwa sababu chini yake kuna mawe magumu yaliyovunja plau. Mawe ndiyo yaliyozionea huruma.

Mnataka kimo? Kipo, kimeelekezwa chini. Nendeni mwezi Septemba mkasimame ndani ya nyasi wanazoziita mguu wa bata mzinga, zenye shuke la vidole vitatu. Zitampita mtu mrefu kichwa, na rangi yake wakati huo ni ya shaba iliyosuguliwa. Mizizi yake imeshuka mita mbili na zaidi, na mizizi ya namna hiyo ndiyo iliyotengeneza ule udongo mweusi unaowalisha. Tafuteni na mmea wa dira, wenye maua ya njano kama alizeti. Gusa jani lake la chini: gumu, lina vinyweleo vikwaruzavyo, limesimama wima, kingo zake moja kaskazini moja kusini, ili bapa lipate jua la asubuhi na la jioni na kulikwepa la mchana. Bua lake likichubuka hutoa utomvu ambao watoto wa zamani waliutafuna. Yote hayo yanamtaka mtu aliyesimama karibu. Kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa utayaona wapi?

Kuna makaburi ya Rochester, Kaunti ya Cedar, Iowa, ekari 13 tu. Kwa kuwa ni makaburi, plau haikuingia, na mimea ya asili imebaki humo kwa mamia ya aina, ikichanua juu ya wafu walioilima mingine yote. Na bado wako wanaolalamika kwamba pamekuwa kichaka, pafyekwe pawe kama uwanja wa gofu. Ole wenu! Masalio ya mwisho ya uzuri wa nchi yenu yamejificha kwa marehemu, nanyi mnakwenda kuyatoa kwa mashine.

Nanyi wa Des Moines, msiseme ni mbali. Nusu saa kwa gari upande wa mashariki, pale Prairie City, kuna hifadhi ya Neal Smith. Sehemu ya ardhi yake ilikuwa imenunuliwa ili kujengwa kinu cha nyuklia. Kinu hakikujengwa, watu wakaenda kuokota mbegu makaburini na kandokando ya reli, wakazipanda upya, na baisani wamerudishwa wanakula nyasi. Kiingilio hakuna. Udhuru pia hamna.