Jumatano: Yaliyo Mikononi Mwetu

Soma Mwanzo 39:7–23 na 40:1–23. Ni mambo gani ambayo Yusufu hakuwa na uwezo nayo? Ni yapi yaliyobaki mikononi mwake?

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Mmarekani, Julian Rotter, alieleza kwamba wanadamu hutofautiana: wako wanaoamini kuwa yanayowapata hutegemea matendo yao wenyewe, na wako wanaoamini kuwa hutegemea bahati au watu wenye nguvu. Mkristo naye huuliza: Je, mwenye tabia njema ameushika usukani wa afya na furaha yake?

Kwa sehemu, ndiyo. Mithali 25:28 humfananisha mtu asiyeitawala roho yake na mji usio na kuta. Anayeepuka pombe, anayepumzika kwa wakati na kuzuia hasira yake, huepukana na maumivu mengi. Kiasi, ambacho Paulo anakihesabu katika tunda la Roho (Wagalatia 5:22, 23), kina faida ya kweli mwilini na nyumbani.

Lakini mtazame Yusufu. Alikuwa kijana wa miaka 17 habari zake zinapoanza (Mwanzo 37:2), na ndugu zake wakamwuza. Alimkataa mke wa Potifa, na uaminifu huo huo ndio uliomfikisha gerezani. Alimwomba mnyweshaji amkumbuke, akasahauliwa. Ikapita miaka miwili mizima. Aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 30 (Mwanzo 41:46).

Ni nini kilichobaki mikononi mwake? Asubuhi moja gerezani aliona nyuso za wafungwa wawili zimejaa huzuni, akawauliza sababu (Mwanzo 40:6, 7). Mwenye mzigo wake mwenyewe aliuona mzigo wa mwenzake. Uwezo huo hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Kanisani tunanyemelewa na makosa mawili. La kwanza ni kuacha dawa za shinikizo la damu, au kuendelea na mazoea mabaya, huku tukisema kwamba yote ni mapenzi ya Mungu. La pili huwapata wenye bidii: dada aliyetunza kanuni za afya tangu ujana wake anapopatwa na saratani, wanaomtembelea huanza kunong'ona, "Alikosea wapi?" Ndivyo walivyofikiri rafiki za Ayubu, na Bwana akawakasirikia (Ayubu 42:7). Wanafunzi walipouliza nani alitenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, Yesu alilikataa wazo lao (Yohana 9:1–3).

Tabia njema haitupi hati ya kuimiliki kesho. Hutuwezesha kuwa waaminifu kwa Mungu na kwa jirani, kesho hiyo ijapo kwa heri au kwa shida. Na hata uaminifu huo ni tunda la Roho, si mali ya kujivunia.

Ukimtembelea mgonjwa wiki hii, utamwambia nini? Ni neno gani utakaloona afadhali usiliseme?