Kanuni Moja kwa Kila Kichwa

Wajukuu zangu mnaokwenda kuanza masomo katika sekondari za Kanisa, hizi za masista na mapadre zilizo kando ya barabara ya Moshi na Arusha na nyingine za mbali, nina neno nanyi kabla hamjafunga masanduku. Habari ya kusoma kwa bidii mama zenu wameisema ya kutosha. Langu ni haki, na hasa haki inapofika kwenye rangi ya mtu na asili yake.

Isomeni vizuri fomu ya kujiunga na shule. Zipo shule ambazo sehemu ya nywele inamtaka msichana Mwafrika anyoe, ila mwenye asili ya Kiasia, Mzungu au chotara anaruhusiwa kuzifuga, mradi azibane nyuma. Ukiuliza sababu unaambiwa ni usafi. Usafi gani huo unaochagua rangi? Wasichana wawili wanalala kitanda cha juu na cha chini, sketi zao moja, sweta zao moja, ugali wao na maharage yao yametoka sufuria moja. Jumamosi mmoja anaitwa akae kwenye stuli, mashine inapita kichwani hadi ngozi inaonekana, na mwenzake amesimama pembeni anachana nywele zake. Yule aliyenyolewa amefundishwa nafasi yake, na somo hilo halimo kwenye mtaala wowote. Kama shule inataka wanyoe, basi wanyoe wote. Kama inaruhusu kusuka, wote wasuke, hata kama ni twende kilioni tu.

Jambo hili lina mizizi mirefu. Wakati wa Mwingereza elimu yetu iligawanywa kwa rangi: Wazungu na shule zao, Wahindi na zao, Waafrika na zao. Hapo Arusha mjini, Arusha School ilifunguliwa mwaka 1934 kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Mtoto wa Kimeru alisoma misheni, akachujwa darasa la nne, akachujwa tena la nane, na wengi waliishia huko. Shule za Kanisa zilifanya kazi kubwa, na sitaki mtu awadanganye kuhusu hilo. Mwalimu Nyerere alifundisha St. Mary's Tabora, kisha St. Francis Pugu, mpaka alipotakiwa kuchagua kati ya siasa na ualimu, akaacha kazi Machi 1955. Lakini shule hizo zilifuata mgawanyo ule wa rangi, hazikuuvunja. Uliondolewa na sheria ya nchi, na tangu Januari 1962 tukawa na mfumo mmoja wa elimu. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule za mashirika ya dini mikononi mwa serikali, na mtoto wa dini yoyote akaingia. Wapo Wakatoliki wenzangu wanaoendelea kulalamikia hatua ile. Mimi naiona ilikuwa haki, maana shule zile zilikuwa zikipokea ruzuku ya serikali, na fedha ya serikali ni kodi ya kila mtu. Kanisa lilirudi kujenga kwa nguvu miaka ya 1990, na hizo ndizo nyingi kati ya shule mnazokwenda.

Kwa hiyo mnapodai haki humo ndani msijione mnapambana na Kanisa. Mnalikumbusha maneno yake. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa kwa siku moja hati mbili zinazowahusu. Moja, ya elimu, inasema watu wa kila rangi wana haki ya kuelimishwa kwa sababu ya heshima yao ya ubinadamu. Nyingine inakataa ubaguzi wowote wa rangi au dini. Katiba yetu nayo, ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu kwa rangi, kabila au dini. Na shule inaweza kutenda hata pale sheria inapokataza: Afrika Kusini, mwaka 1976, Kanisa liliamua kuwapokea watoto weusi katika shule zake za Wazungu, kinyume cha sheria ya makaburu. Kwetu sheria iko upande wenu tayari.

Sasa mtadai vipi? Angalieni huko nyuma ya Mlima Meru. Novemba 1951 Wameru walifukuzwa Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Watu wapatao 3,000 walitolewa, nyumba zikachomwa. Wangeweza kulipiza moto kwa moto. Badala yake waliandika, wakachanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, pamoja na wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda. Kwenye Baraza Kuu hoja yao haikupata theluthi mbili ya kura. Hata hivyo dunia nzima ilisikia, na Kirilo aliporudi aliizungusha habari ile nchini, ikawaamsha wengi.

Nanyi fanyeni hivyo. Msichome bweni, msigomee chakula, msimtukane sista. Andikeni barua yenye tarehe, mtaje kanuni yenyewe na mtu iliyemuumiza, mtie saini wengi, mbaki na nakala. Anzeni kwa mlezi wa bweni, kisha mkuu wa shule, kisha bodi, na mkikwama yupo katibu wa elimu wa jimbo. Mkijibiwa vibaya, andikeni tena.

Liko jambo moja zito zaidi, na ndilo ninalolihofia kwenu. Katika shule hizi ninyi mtakuwa wengi. Mtoto wa Kihindi akiitwa ponjoro, wanaomwita hivyo ni ninyi. Mmaasai au Mbarbaig akichekwa kwa lafudhi yake, wanaocheka ni ninyi. Mwenye ualbino akisukumwa kiti cha nyuma, naye haoni ubaoni, waliokaa mbele ni ninyi. Barua ya nywele itakuwa na uzito gani ikiwa imesainiwa na mkono uliomsukuma mwenzake? Anayeonewa ana mengi ya kupoteza akisema, naye akinyamaza simlaumu. Ninayemlaumu ni yule aliye salama. Kwa hiyo msimwachie msichana aliyenyolewa aandike peke yake. Saini ya kwanza katika barua ile iwe ya yule aliyeruhusiwa kufuga nywele, na mtoto wa Kihindi akitukanwa, wa kwanza kwenda kwa mlezi awe Mmeru.